Kabla hujampelekea fundi Hornet yako aigeuze K-Hornet

Wadau mlioko Marekani mnaowinda koyote, yule mbwa mwitu mdogo wa kule, na prairie dog, wale kindi wanaotoboa mashimo malishoni, somo hili ni lenu. Swali la kuigeuza bunduki ya kaliba ndogo ya .22 Hornet kuwa K-Hornet, yaani kuipanua chemba yake (pale risasi inapokaa ndani ya mtutu), linarudi kila msimu. Kwa wengi wenu naona haina haja, ila pitieni hatua hizi muamue wenyewe.

Hatua ya 1: Elewa kinachobadilika. Kampuni ya Winchester walianza kuuza risasi za Hornet mwaka 1930. Ganda lake ni jembamba, limechongoka kwenda juu, na bega lake, pale ganda linapobanwa kuelekea shingoni, limelala. Fundi bunduki Lysle Kilbourn alizinyoosha kuta za ganda hilo na kulisimamisha bega kwa nyuzi 35, ili baruti ipate nafasi zaidi. Fundi anapanua chemba tu. Mtutu ni ule ule. Kisha unapiga risasi ya dukani humo, na ganda linatanuka lenyewe likapata umbo jipya. Ganda la Hornet hushikiliwa chembani na ukingo wa kitako chake, wala haitegemei bega, ndiyo maana inakubali mchezo huu bila matata.

Hatua ya 2: Pima faida. Hornet ya kawaida hurusha kichwa cha greni 45 (greni ni kipimo cha uzito) kwa futi 2,690 hivi kwa sekunde. K-Hornet inaongeza futi 100 hadi 200, basi. Mwenzake, kaliba ya .223 Remington, hurusha greni 55 kwa futi 3,240, na risasi zake zimejaa kila duka. Anayetafuta mwendo anunue .223. Faida ambayo mimi naiheshimu ni ya maganda: ganda la Hornet lina kuta nyembamba na hurefuka kila likipigwa, mpaka lipasuke. Zikinyooshwa kuta, halirefuki sana, na unalijaza upya baruti na kichwa mara nyingi zaidi.

Hatua ya 3: Je, unayajaza upya maganda yaliyopigwa wewe mwenyewe? Kama hujazi, ishia hapa. Risasi ya dukani ndani ya chemba ya K-Hornet hupoteza mwendo kidogo, kwa hiyo utakuwa umelipa fundi ili bunduki ipungue. Kama unajaza, weka kwenye hesabu kalibu mpya za kubania maganda, na uanze upya na vipimo vya baruti vya kitabu cha K-Hornet, kuanzia chini.

Hatua ya 4: Itazame bunduki yenyewe. Winchester Model 70 ya kabla ya 1964 yenye kaliba hii ni adimu. Ukiichokonoa chemba, wakusanyaji wanakukimbia. Kwa mtutu uliolika, usipoteze muda. Angalia pia magazini, maana ganda lililonyooka huweza kukwama pale lile la zamani lilipoteleza. Ya kupiga moja moja haina shida hiyo.

Hatua ya 5: Ukiamua, mwambie fundi achore jina jipya kwenye mtutu. Hili usilikubalie visingizio.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, yangu ni .223. Nikiifanya Ackley Improved, ile chemba nyingine iliyopanuliwa, ni kazi ile ile?*
Hapana, ndugu yangu. Ganda la .223 halina ukingo, linakaa kwa bega. Fundi lazima aurudishe mtutu nyuma kidogo kabla ya kupanua chemba, la sivyo ganda litaogelea humo na linaweza kukatika karibu na kitako. Gharama inapanda, na nyongeza ya mwendo ni ndogo.

*Nisipoipenda, naweza kuirudisha?*
Chuma kilichokwanguliwa hakirudi. Ni kukata mtutu na kuchonga chemba upya, au kununua mtutu mwingine.

*Shikamoo mwalimu. Niko Arusha, nina Hornet ya marehemu babu. Nifanye?*
Marahaba. Wewe iache ilivyo. Bunduki iliyo kwenye leseni haibadilishwi kwa makubaliano yako na fundi. Kaulize polisi kwanza. Halafu kalibu na baruti za kujazia utazipata wapi?

*Nikiiuza baadaye, mnunuzi atapata tabu?*
Risasi za Hornet za dukani zitaingia na kulia kama kawaida. Tabu ni maganda yako: yakishatanuka hayaingii tena kwenye Hornet nyingine. Mpe yote pamoja na kalibu, na mwoneshe maandishi ya kwenye mtutu kabla hajatoa hela.