Grevi ya kuku wa kuoka: mafuta, ukoko wa trei na unga wa ngano

Vipimo hivi ni vya kuku mmoja wa kisasa wa kilo moja na nusu. Utapata nusu lita ya grevi, yaani mchuzi mzito wa kumwagia nyama. Andaa vijiko 3 vya chakula vya mafuta yaliyodondoka kwenye trei, vijiko 3 vya unga mweupe wa ngano (si ule uliotiwa hamira ya unga) na vikombe 2 vya supu.

1. Kuku akiwa bado kwenye oveni

Linda trei isikauke. Tandaza vitunguu maji viwili vilivyokatwa vinene chini ya kuku, mimina nusu kikombe cha maji, na uongeze kidogo kila ukiona chini pamekauka. Ukoko wa rangi ya kahawia ndio ladha yote ya grevi. Ukishakuwa mweusi ni uchungu mtupu, na hakuna sukari wala maziwa yatakayouficha: tumia mafuta na supu, ukoko uache. Kuwa mwangalifu zaidi kama ulimpaka kuku asali au nyanya, kwa sababu vitu hivyo huungua mapema.

Tumia trei nzito ya chuma. Zile zisizoshika chakula ni rahisi kuosha, lakini ukoko wake ni haba.

2. Supu

Chemsha shingo, miguu na firigisi na kitunguu kimoja katika lita moja ya maji, dakika 45, kisha chuja. Usitie chumvi. Vidonge vya supu vimejaa chumvi, na grevi ikipungua motoni chumvi hiyo inazidi kukolea. Kama huna budi, tumia nusu kidonge.

3. Kutenga mafuta

Mtoe kuku apumzike dakika 15. Mimina majimaji yote ya trei kwenye glasi ndefu, subiri mafuta yaelee, teka vijiko vyako vitatu. Kuku wa kienyeji hana mafuta mengi, kwa hiyo jazia kwa siagi. Yakibaki, yakaangie viazi kesho.

4. Kukwangua ukoko

Weka trei kwenye moto mdogo, mimina kikombe kimoja cha supu, kwangua kwa mwiko mpaka trei iwe safi. Chuja, kisha changanya na supu iliyobaki pamoja na majimaji yaliyokaa chini ya glasi. Trei ya kioo usiiweke juu ya jiko, itapasuka.

5. Unga

Hapa ndipo wengi wanapokwama, na kosa huwa lile lile: kumwaga unga mkavu kwenye supu inayochemka. Punje za nje zinavimba papo hapo, zinafunga, na ndani unabaki unga mkavu ambao joto halitauyeyusha hata uchemshe saa nzima. Ndiyo maana unga unatangulia kwenye mafuta: kila punje inavikwa mafuta, hivyo zikikutana na supu zinaachana badala ya kugandana.

Pasha mafuta kwenye sufuria, moto wa wastani. Tia unga wote, koroga dakika 3 hadi 4. Utaona povu dogo dogo, harufu ya unga mbichi itaondoka, na rangi itaanza kufanana na njugu zilizokaangwa. Ukipenda grevi nyeusi zaidi endelea kukaanga, ila ujue unga uliokaangwa sana hupoteza nguvu ya kuzidisha uzito, basi ongeza kijiko kimoja.

Sasa supu. Iwe vuguvugu, na uitie kwa awamu. Upawa wa kwanza utafanya mchanganyiko ukaze ghafla na kuwa donge moja gumu. Usiogope, na usimwage supu yote kwa hofu. Koroga mpaka donge lilainike na kung'aa, ndipo utie upawa wa pili. Baada ya wa nne, iliyobaki unaweza kuimimina mfululizo huku ukikoroga. Mchapo wa waya unafaa kuliko mwiko, na uma ni bora kuliko kukosa vyote.

Iache ichemke taratibu dakika 8 hadi 10. Kabla haijachemka huwezi kujua uzito wake, kwa hiyo usikimbilie kuongeza unga dakika ya pili. Chovya kijiko, chora mstari kwa kidole mgongoni mwake: mstari ukibaki, imefika. Epua ikiwa nyepesi kidogo kuliko unavyotaka, kwani itaendelea kuwa nzito mezani.

Madonge yametokea? Pitisha kwenye chujio. Nyepesi mno? Koroga kijiko cha chai cha konflawa kwenye maji baridi, tia, chemsha dakika moja tu. Unga wa muhogo usiutumie, unaifanya grevi ivutike.

6. Kumalizia

Mimina majimaji aliyoyatoa kuku alipokuwa akipumzika. Onja, ndipo utie chumvi na pilipili manga. Ikiwa na mafuta mdomoni, matone machache ya limau yanatosha.

Ikibaki, kwenye friji inakaa siku 3 na itaganda kabisa. Ipashe kwa moto mdogo na vijiko viwili vya maji, ukikoroga mpaka ichemke.