Msogeze mtu mbali na ukuta kabla ya kupiga potreti

Wengi hulalamika kwamba kwenye potreti, yaani picha ya mtu ambayo nyuma yake hufifishwa, simu inafifisha mandharinyuma vibaya: sikio limefifia, nywele zimekatwa, mkono umeyeyukia ukutani. Mara nyingi simu imekosa tu cha kupimia umbali.

Simu yenye kamera mbili hulinganisha picha zilizopigwa kutoka sehemu zinazopishana kidogo. Kitu cha karibu huonekana kimehama zaidi kuliko cha mbali, kama kidole chako ukikitazama kwa jicho moja, kisha jingine. Pixel 2, simu ya Google ya mwaka 2017, ilifanya hivyo kwa kamera moja, kwa kugawa kila pikseli (nukta ndogo ya kupokea mwanga) pande mbili, na mitazamo hiyo miwili haipishani hata milimita moja! Kwa hiyo isaidie simu yako.

Mtoe mtu ukutani hatua tatu nne, wewe mkaribie, na mwanga uwe wa kutosha. Ukuta mweupe mtupu hauna alama za kulinganisha. Nondo za dirisha na uzio wa waya navyo huichanganya, maana kila kipande kinafanana na jirani yake. Mti wenye majani au kanga iliyoanikwa ni bora zaidi.

Na tafadhali tunza faili halisi. Kuanzia iPhone 13, video ya Cinematic, yaani ile inayofifisha mandharinyuma, hubeba taarifa za umbali, hivyo unaweza kuhamisha fokasi kutoka kwa bibi harusi kwenda kwa mama yake hata baada ya sherehe. Ukiituma WhatsApp kama video ya kawaida, anayeipokea hawezi tena kuibadilisha.