Ulaji wa vegani usiochosha: tayarisha kabla njaa haijabisha hodi

Anayeacha nyama, samaki, mayai, maziwa na asali ni nadra kushindwa na tamaa. Mara nyingi hushindwa jioni, akiwa amechoka, friji ina mboga mbichi, kabati lina nafaka kavu, na hakuna cha kushibisha kinachoweza kufika mezani ndani ya dakika 15. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na jambo lenye faida kuliko yote: kuwa na maharage, dengu (chickpeas) au adesi (lentils) zilizokwisha kuiva, wakati wote. Hapo ndipo nguvu zako nyingi ziende. Vidonge, lebo na chakula cha nje vina kanuni zake, lakini hizo unajifunza mara moja zikakaa.

Sufuria moja kubwa kwa wiki

Pima gramu 500 za maharage makavu. Yachambue, yaoshe, kisha yaloweke usiku kucha, kwa muda wa saa 8 hadi 12, katika lita 2 za maji yenye kijiko kimoja na nusu cha chakula cha chumvi. Wengi wameambiwa chumvi hufanya maharage yawe magumu. Sivyo. Sodiamu iliyomo kwenye chumvi huchukua nafasi ya sehemu ya kalsiamu na magnesiamu inayokaza maganda, na maganda yakalainika bila kupasuka. Kukiwa na joto kali, loweka ndani ya friji, la sivyo maji yataanza kutoa povu na harufu ya kuchacha.

Asubuhi mwaga maji hayo, suuza maharage, weka maji mapya yanayoyafunika kwa sentimita 5 hivi, kisha yachemshe kwa moto mkali, maji yakitokota kweli, kwa dakika 10 kamili kabla ya kupunguza moto. Dakika hizo 10 usizifupishe. Maharage, hasa mekundu, yana lektini (aina ya protini) iitwayo fitohemaglutini, ambayo ikiliwa bila kuharibiwa na moto huleta kutapika na kuharisha ndani ya saa chache. Jungu la umeme la kupikia polepole halifikii joto la kuiharibu, na maharage yaliyopashwa moto mdogo tu yanaweza kuwa na sumu kali kuliko mabichi. Ukipenda kulitumia, chemsha kwanza kwenye sufuria ya kawaida, ndipo uhamishie humo.

Baada ya hapo ni moto mdogo kwa dakika 45 hadi 90, kulingana na aina na umri wa maharage. Sufuria ya presha huyamaliza kwa dakika 10 hadi 15 yakiwa yamelowekwa. Kujua kama yameiva, toa punje tano kutoka sehemu tofauti za sufuria. Zote zipondeke kwa ulimi tu. Moja ikigoma, endelea kupika.

Yasipolainika, sababu huwa moja kati ya tatu. Ya kwanza ni uchachu: nyanya, siki au ndimu vikitiwa mapema hukaza ganda, kwa hiyo vingoje maharage yaive. Ya pili ni maji yenye chokaa nyingi. Dawa yake ni robo kijiko cha chai cha soda ya kuokea kwa gramu 500. Ukizidisha, maharage yatapondeka hovyo na kuwa na ladha ya sabuni. Ya tatu ni maharage yaliyokaa muda mrefu ghalani kwenye joto na unyevu. Hayo hata ukeshe nayo jikoni hayatalainika sawasawa, na njia pekee ni kununua wakati mwingine mahali bidhaa haikai sana.

Gramu 500 kavu hutoa takriban vikombe 6 hadi 7 vilivyoiva. Yaache yapoe kidogo ndani ya mchuzi wake, kisha gawa kwenye vyombo vya kikombe kimoja na nusu, kila kimoja na mchuzi kidogo ili yasikauke. Kwenye friji yatakaa siku 3 hadi 4, kwenye friza hadi miezi 6. Acha nafasi ya sentimita 2 juu ya chombo, maana mchuzi hutanuka ukiganda na unaweza kupasua kioo. Andika tarehe.

Adesi nyekundu hazihitaji haya yote. Hazilowekwi, huiva kwa dakika 15 hadi 20, na zinageuka mchuzi mzito zenyewe. Usikose akiba yake kabatini. Zitakuokoa siku ambayo friza ni tupu.

Tumbo kujaa gesi siku za mwanzo ni jambo la kutarajiwa. Mikunde ina sukari ambazo utumbo mwembamba hauwezi kuzivunja, na bakteria wa utumbo mpana ndio wanaozimaliza. Anza na nusu kikombe kwa siku, ongeza taratibu kwa wiki tatu au nne, mwaga maji ya kulowekea, na kunywa maji ya kutosha. Anayeanza na vikombe viwili siku ya kwanza atayalaumu maharage bure.

Kufanya chakula kiwe na utamu

Ukiwa na mikunde iliyoiva na nafaka iliyopikwa, kinachobaki ni mboga na mchuzi wa kumiminia juu. Mchuzi ndio unaoamua kama utarudia sahani hiyo kesho, basi tengeneza mmoja kila wiki. Huu wa ufuta hauna kazi: nusu kikombe cha ufuta laini uliosagwa (tahini), vijiko 3 vya chakula vya maji ya ndimu, punje moja ya kitunguu saumu iliyopondwa, nusu kijiko cha chai cha chumvi, na maji baridi vijiko 6 hadi 8 vya chakula. Ukianza kutia maji, mchanganyiko utakaza ghafla na kuonekana umeharibika. Hapo wengi hukata tamaa na kumwaga. Usimwage. Endelea kutia maji kijiko kimoja kimoja huku ukikoroga, nao utalegea na kuwa mweupe na laini. Hukaa siku 5 kwenye friji.

Chakula kikionekana kimepooza, kijaribu kwa mpangilio huu: kwanza chumvi, pili uchachu wa ndimu au siki, tatu uliza kama kuna kitu kilichokaangwa hadi kikabadilika rangi. Kitunguu kilichokaangwa dakika 15 kwa moto wa wastani, nyanya ya kopo iliyokaangwa kwenye mafuta hadi ikawa nyekundu iliyoiva, uyoga uliokaushwa na kusagwa, mchuzi wa soya: hivi ndivyo vinavyoleta ule uzito wa ladha ambao mtu aliyezoea nyama huutafuta.

Tofu, yaani jibini la maziwa ya soya, nayo hulaumiwa kwa makosa ya mpishi. Ile ngumu ifunge kwa kitambaa safi, weka kitu kizito juu kwa dakika 20 hadi 30 maji yatoke, kata vipande vya sentimita 2, pakaza mchuzi wa soya kijiko kimoja na wanga wa mahindi kijiko kimoja cha chakula kwa gramu 300, kisha oka kwa nyuzi 200 za selsiasi dakika 25 hadi 30 ukigeuza mara moja. Ukiigandisha kwenye friza kisha ukaiyeyusha kabla ya kuikamua, inakuwa na matundu kama sifongo na kunyonya viungo vizuri zaidi.

Kwenye keki na mikate laini, yai moja linabadilishwa kwa kijiko kimoja cha chakula cha mbegu za kitani zilizosagwa na vijiko vitatu vya maji, yaliyoachwa dakika 10 hadi yavute. Hii hushikanisha, haiumui. Kwa keki inayotegemea mayai mengi kuinuka, tumia maji ya dengu za kopo, vijiko 3 vya chakula kwa yai moja. Maji hayo yakipigwa kwa mashine dakika 5 hadi 10 hutoa povu jeupe kama la ute wa yai. Chombo kikiwa na mafuta hata kidogo, povu halitasimama.

Maziwa ya soya hukatika kwenye kahawa kwa sababu ya uchachu na joto vikikutana kwa ghafla. Weka maziwa kwanza kikombeni, yakiwa ya vuguvugu, kisha mimina kahawa polepole.

Na kama unasikia njaa saa mbili baada ya kula, usifikiri una kasoro. Mboga na nafaka zina maji na nyuzinyuzi nyingi, hivyo sahani ile ile ina nishati ndogo. Ongeza wingi, ongeza mafuta kijiko kimoja, parachichi, au konzi moja ya karanga au korosho, kama gramu 30.

Vidonge visivyo na mjadala

Vitamini B12 inywe kila mvegani. Mimea haina chanzo cha kutegemewa. Spirulina na mwani mwingi hubeba vitu vinavyofanana nayo ambavyo mwili hauwezi kuvitumia. The Vegan Society, chama kilichoanzishwa Uingereza mwaka 1944, hushauri walau mikrogramu 10 kila siku au 2,000 mara moja kwa wiki, au vyakula vilivyoongezewa B12 mara kadhaa kwa siku. Tofauti hiyo kubwa ya vipimo ina sababu: kwa njia yake ya kawaida utumbo hupitisha takriban mikrogramu 1.5 hadi 2 tu kwa wakati mmoja, na kinachozidi hupenya kwa kiasi cha asilimia 1. Chagua njia utakayoikumbuka.

Hatari yake ni ukimya. Ini huwa na akiba inayoweza kudumu miaka, kwa hiyo mtu hujiona mzima, kisha huja ganzi miguuni, uchovu na kusahausahau. Tena foleti (vitamini B9) nyingi iliyomo kwenye mboga inaweza kuficha upungufu wa damu huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika. Mjamzito, anayenyonyesha na anayemlisha mtoto mchanga wasilikadirie hili wenyewe. Wapange na mhudumu wa afya.

Mengine ni ya jikoni. Tumia chumvi yenye madini joto (iodini), kwa kiasi. Kula kijiko kimoja cha chakula cha mbegu za kitani zilizosagwa kila siku kwa ajili ya omega-3. Zikiwa nzima hupita tumboni kama zilivyoingia, na zikisagwa huchina upesi, basi zihifadhi kwenye friza. Madini ya chuma ya mikunde hufyonzwa vizuri zaidi mlo ukiwa na vitamini C, kama ndimu, pilipili hoho au chungwa. Chai na kahawa huyazuia, hivyo zisogeze saa moja mbali na chakula. Kwa kalsiamu usitegemee spinachi: okzaleti yake huifunga, na mwili huambulia asilimia 5 hivi. Afadhali kabichi za majani kama sukuma wiki, brokoli, tofu ambayo maziwa yake ya soya yameshikishwa kwa chumvi ya kalsiamu, na maziwa ya mimea yaliyoongezewa madini hayo. Tikisa boksi kila mara kabla ya kumimina, maana kalsiamu hutuama chini.

Kusoma lebo

Soma kwanza sehemu ya vizio vya mzio. Katika nchi nyingi maziwa, mayai na samaki lazima vitajwe wazi, hivyo sekunde tano zinatosha kukataa bidhaa nyingi. Visivyotajwa hapo ndivyo vya kutafuta kwenye orodha ya viambato: jelatini, karmini (E120, rangi nyekundu itokanayo na wadudu), nta ya nyuki (E901), shelaki (E904, utomvu wa wadudu), asali. Kaseini na wei ni maziwa. “Bila laktosi” haimaanishi bila maziwa; ni maziwa ambayo sukari yake imevunjwa au kuondolewa. Maneno “huenda ikawa na chembe za maziwa” ni onyo kwa wenye mzio kuhusu mashine za kiwandani, si kiambato. Vitamini D3 mara nyingi hutokana na mafuta ya sufu ya kondoo, kwa hiyo tafuta iliyoandikwa imetokana na kuvu-mwani (lichen), au chukua D2.

Nje ya nyumba

Mgahawani usiulize tu kama chakula ni cha vegani, kwa sababu mhudumu anaweza kuelewa hakina nyama na kuishia hapo. Uliza vitu kwa majina: kimepikwa kwa samli au siagi? Wali au mchuzi umetiwa supu ya mifupa? Unga wa kukaangia una yai? Piga simu mapema, si wakati jiko limezidiwa. Ukialikwa, mwambie mwenyeji siku chache kabla na ujitolee kuleta sahani moja kubwa, ya kushibisha, inayowatosha wengine pia. Saladi ndogo itakuacha na njaa.

Kuhusu dawa, vidonge vingi vina jelatini au laktosi. Muulize mfamasia kama kuna aina nyingine, lakini usiache dawa uliyoandikiwa. Uvegani, kwa ufafanuzi wa chama kile kile cha Uingereza, ni kujiepusha kadiri inavyowezekana na kutekelezeka, na dawa isiyo na mbadala iko ndani ya mpaka huo.