Ruhusa za programu na ubao wa kunakili: somo kwa wenye Android

Programu ya tochi inataka majina ya watu wako ya nini? Tuanzie hapo.

Hatua ya 1. Ingia Mipangilio, kisha Faragha (simu nyingine huandika Usalama na faragha), ufungue sehemu ya ruhusa. Utazikuta zimepangwa kwa aina. Anza na SMS na majina uliyohifadhi, maana humo ndimo zinamopita namba za uthibitisho na ndugu zako wote.

Hatua ya 2. Programu isiyokwama bila ruhusa hiyo, inyang'anye. Za mikopo zitazame mara mbili: tangu tarehe 31 Mei 2023, Google Play imezikataza kugusa majina na picha zako. Ikiomba, ifute.

Hatua ya 3. Kamera, maikrofoni na mahali ulipo: kuanzia Android 11 unaweza kuruhusu mara moja tu. Inatosha.

Hatua ya 4. Ubao wa kunakili, yaani pale kinapokaa ulichokopi kikisubiri kupestiwa. Usiutafute kwenye orodha ya ruhusa, haumo. Hadi Android 9, programu yoyote, hata iliyojificha nyuma, iliweza kuusoma. Android 10 (2019) ikabana: husoma programu uliyoifungua kwenye kioo tu, na kibodi unayotumia. Android 12 ikaleta ujumbe mfupi wa kukujulisha programu inapochukua ulichokopi kwingine. Hakikisha haujazimwa kwenye Faragha. Android 13 hufuta yenyewe ulichokopi baada ya muda.

Umeona nani amebaki ndani ya nyumba? Kibodi. Zile za maua na mioyo zinazosambazwa kwa linki mimi siziweki, hata bure. Hata Gboard, kibodi ya Google, ukiwasha ubao wake, hukaa na ulichokopi kwa saa moja hivi, na ulichokibana (pin) kisifutike hakiondoki mpaka ukitoe mwenyewe. Kagua; kuna watu wamebana nywila humo.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nikikopi neno jingine la kwanza si linafutika?*
Kwenye ubao wa simu, ndiyo. Kwenye historia ya kibodi bado lipo, ndugu yangu.

*Sisi wa iPhone?*
iOS 14 ya mwaka 2020 ndiyo iliyoanza kuonyesha nani anachungulia, na TikTok ikanaswa ikisoma kila mara mtu akiandika. Wakasema ni kinga dhidi ya jumbe taka, wakaiondoa. Kuanzia iOS 16, programu inayotaka kuchukua ulichokopi kwingine huomba kwanza.

*Mama ana Android 8 na simu mpya hatuna uwezo nayo. Afanyeje?*
Dada, mpunguzie programu kwanza, abaki na anazotumia kweli. Nywila na namba za uthibitisho aandike kwa kidole, asikopi kabisa. Kukopi neno jingine baadaye hakumsaidii kama kuna programu iliyokuwa inavizia, kwa sababu itakuwa imeshasoma.