SOMO: Kuandika meseji za app ili mtafsiri asikwame

Wakuu, leo tuongelee zile sentensi anazoziona mtumiaji kwenye skrini, maana watu wanaandika kodi (code) safi kabisa halafu app ikifika kwa mtafsiri kila kitu kinagoma.

Hatua ya 1. Maneno yote yatoke kwenye kodi yakae faili lake. Android ni strings.xml, gettext (mfumo wa kutafsiri programu) ni faili za .po.

Hatua ya 2, na hapa ndo penyewe. Usiunge sentensi vipande vipande. Mtu anaandika idadi + kitu + "zimefutwa", anajaribu na picha inatoka "3 picha zimefutwa" anaona inapita tu, kesho anaweka watumiaji inakuwa "3 watumiaji zimefutwa", mafaili nayo hivyohivyo, wakati kitenzi chetu kinafuata ngeli na namba inakaa nyuma ya jina. Andika sentensi nzima kwa kila kitu (%d ni nafasi ya kujaza namba, %s ya kujaza maneno): "Picha %d zimefutwa", "Watumiaji %d wamefutwa", "Mafaili %d yamefutwa". Mistari inaongezeka ndiyo, ila iache iongezeke.

Hatua ya 3. Umoja na wingi usipange kwa if yako ya idadi == 1. Tumia plurals ya Android au ngettext ya gettext, zenyewe huchagua fomu kwa kanuni ya kila lugha. Kiswahili kina fomu mbili, Kiarabu sita, if yako haifiki huko.

Hatua ya 4. Ukiwa na nafasi mbili za kujaza zipe namba, %1$s na %2$s, mtafsiri aweze kuzigeuza. Na muachie komenti: hili ni la kitufe au kichwa cha ukurasa? Yeye haioni skrini yako.

MASWALI

Kaka, jina likiingia kwenye sentensi je, mfano "%s ameongezwa"?
– La mtu halina shida, mke kwa mume ni "ame". Kama linaweza kuwa la kundi, tanguliza aina yake, "Kundi %s limeongezwa", ngeli inatulia jina liwe lolote.

App yangu ni ya Kiswahili tu, nahitaji yote haya?
– Hatua ya 2 na 3 unazihitaji leo leo, "Picha 1 zimefutwa" inamkera hata asiyetafsiri.

Nitajuaje ni wapi nimesahau kurekebisha?
– Kwenye Gradle (kifaa cha kujenga app za Android) washa pseudoLocalesEnabled, kisha simu iweke en-XA, lugha ya bandia ya majaribio. Kila meseji inatokea ndani ya mabano, imerefushwa na herufi zina vialama. Isiyo na mabano bado iko kwenye kodi, na sentensi moja ikiwa na mabano jozi mbili ujue hapo umeunga.