Namna ya Kuchagua Mahali pa Kula Kifungua Kinywa Ndani ya Queen Mary 2

Abiria anayesafiri kwa Queen Mary 2 kutoka Southampton nchini Uingereza hadi New York kwa kawaida hukaa baharini usiku saba, na kwa kuwa katika safari hiyo ya kuvuka Atlantiki meli haitii nanga popote njiani, kila asubuhi isipokuwa ile ya kushuka humkuta hana gari la kuwahi wala mji wa kwenda kuutembelea. Ndiyo sababu mahali pa kula kifungua kinywa ni jambo la kufikiriwa. Meli hii yenye urefu wa mita 345, iliyoanza kazi mwaka 2004 na yenye uwezo wa kuchukua abiria zaidi ya 2,600, ina sehemu kadhaa zinazotoa chakula cha asubuhi, na kila sehemu ina saa zake na utaratibu wake. Abiria wengi huenda kwenye bafe asubuhi ya kwanza kwa sababu ndiko wanakouona umati ukielekea, kisha huendelea hivyo hivyo mpaka mwisho wa safari. Naiona kuwa hasara kubwa. Ninachopendekeza ni kwamba mahali pa kula pachaguliwe upya kila siku, kwa kuangalia umeamka saa ngapi, bahari imelalaje, na una muda kiasi gani.

Kabla ya yote, tazama daraja la chumba ulicholipia. Mgahawa wa Queens Grill na ule wa Princess Grill, iliyoko sitaha ya 7 upande wa tezi, yaani nyuma ya meli, ni ya wageni wa vyumba vya madaraja hayo peke yao, na mgeni wa chumba cha kawaida hawezi kulipia kiti humo hata kwa asubuhi moja. Wageni wa daraja la Britannia Club nao wana ukumbi wao mdogo. Mwenye haki ya kula katika sehemu hizo hana sababu kubwa ya kutafuta kwingine, kwani meza yake ni ile ile kila mlo na wahudumu huyajua mazoea yake baada ya siku mbili tu. Yanayofuata yanamhusu zaidi msafiri wa vyumba vingine, ambao ndio wengi.

Jioni, ratiba ya siku inayofuata hutolewa ikiwa na saa za kufungua na kufunga kila sehemu. Isome kabla ya kulala, na ukumbuke kuwa saa zake zinahesabiwa kwa Kizungu: palipoandikwa 8.00 ni saa mbili asubuhi kwa hesabu yetu. Kosa hili linaonekana dogo, lakini mtu aliyezoea kufikiri kwa saa za Kiswahili, hasa akiwa na usingizi, anaweza kufika mlangoni wakati vyombo vimekwisha kuondolewa.

Mgahawa wa Britannia ndio ninaoupendekeza kwa asubuhi nyingi kuliko mahali pengine popote. Ni ukumbi mkubwa unaoshika sitaha ya 2 na ya 3, wenye upana wa meli nzima, na wageni huketi wakahudumiwa mezani. Jina lake linatokana na Britannia, meli iliyoanzisha safari za Cunard, kampuni yenye Queen Mary 2, kutoka Liverpool mwezi Julai mwaka 1840, ambayo ilibeba ng'ombe wa maziwa ndani yake ili abiria wapate maziwa mabichi katikati ya bahari. Wakati wa chakula cha jioni wageni wengi wa ukumbi huu huwa na meza walizopangiwa, lakini asubuhi utaratibu huo haupo: unafika, mhudumu anakupokea na kukuuliza kama ungependa kukaa na wengine au peke yenu, kisha anakupeleka. Ushauri wangu ni kukubali kukaa na wengine angalau mara mbili tatu. Tangulia wewe kutoa salamu, kwani wenzako mezani mara nyingi wanasubiri mtu wa kuanza. Mazungumzo ya asubuhi ni mepesi, na kwa kuwa hakuna anayelazimika kurudi kwenye meza ile ile kesho yake, hakuna atakayeona uzito ukihama.

Faida ya pili ya Britannia ni kwamba mayai hupikwa baada ya kuagizwa, na tofauti yake na mayai yaliyokaa juu ya chombo cha kupashia moto huonekana mara tu unapoyakata. Orodha yake ni ya Kiingereza hasa: mayai ya namna nyingi, uyoga, nyanya za kuchoma, maharagwe ya mchuzi wa nyanya, uji wa shayiri, na samaki wa moshi. Usiikose heringi iliyopasuliwa, ikatiwa chumvi na kukaushwa kwa moshi, kwani ladha yake itamkumbusha mtu wa Pwani ng'onda, ingawa ng'onda yetu hukaushwa kwa jua. Heringi ina miiba mingi myembamba na haifai kuliwa kwa haraka, kwa hiyo iagize siku ambayo huna miadi. Kuhusu chai, jua kwamba Waingereza huiandaa bila maziwa, kisha hutia maziwa baridi kikombeni. Aliyezoea chai ya maziwa iliyochemshwa pamoja na aombe waziwazi maziwa ya moto kando; ni ombi la kawaida na halimsumbui mhudumu.

Udhaifu wa mgahawa huu uko kwenye muda. Mara nyingi hufunguliwa yapata saa mbili asubuhi na kupokea wageni kwa kipindi kisichozidi sana saa moja na nusu, na wanaofika dakika za mwisho hukuta foleni. Fika dakika kumi baada ya kufunguliwa, wakati wale waliokuwa wakisubiri mlangoni wamekwisha kuketi. Tenga pia saa nzima ya kukaa, kwani huduma ya mezani ina mwendo wake na anayeiharakisha huikosa ile raha iliyompeleka pale.

Bafe ya Kings Court, katika sitaha ya 7, inamfaa mtu anayeamka mapema, mwenye watoto wasioweza kutulia, au anayetaka kula kidogo na kuondoka. Hufunguliwa kabla ya Britannia na kuendelea baada yake. Anayeamka kwa ajili ya sala ya alfajiri atapata hapo kinywaji cha moto kabla ukumbi mkubwa haujafungua milango. Tembea kwanza bila sahani kutoka mwanzo hadi mwisho uone kilichopo, kwa maana vyakula vimegawanywa katika sehemu kadhaa pande zote mbili za meli, na wengi huijaza sahani kwenye meza ya kwanza kisha wakagundua kuwa matunda mazuri yalikuwa mbele. Tafuta kiti karibu na dirisha. Nje yake kuna njia inayoizunguka meli yote, na mizunguko mitatu ya njia hiyo inakaribia kilomita 1.8, jambo linalomfanya anayekula bafe aweze kutoka moja kwa moja na kuanza matembezi. Msongamano huwa mkubwa katikati ya asubuhi, kwa hiyo nenda mapema sana au uchelewe.

Bafe inadai uangalifu wa afya kuliko sehemu nyingine, kwa sababu mamia ya mikono hushika koleo zile zile za kupakulia. Virusi vya noro, vinavyosababisha kutapika na kuharisha, huenea kwa urahisi mahali ambapo watu wengi wanakula pamoja, na dawa ya mikono yenye spiriti haiviondoi vizuri. Nawa kwa maji na sabuni kabla ya kuingia, na tena baada ya kupakua ikiwa utakula mkate kwa mkono. Meli zinazotoka ng'ambo na kutia nanga katika bandari za Marekani hukaguliwa na mamlaka ya afya ya nchi hiyo, CDC, ambayo huzipa alama kati ya 100 na kuzitangaza hadharani. Alama 85 au chini yake huhesabiwa kuwa meli haikufaulu. Kuitafuta alama ya meli yako kabla ya safari ni kazi ya dakika chache.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wasafiri wengi hawalifikirii, nalo ni saa yenyewe. Kati ya Uingereza na New York kuna tofauti ya saa tano kwa sehemu kubwa ya mwaka. Anayeelekea magharibi hurudisha saa nyuma kwa saa moja katika usiku tano kati ya hizo saba. Mwili haujui habari hiyo: unaamka kwa saa ya jana, na njaa inakuja saa nzima kabla ya ratiba ya meli. Katika safari ya kwenda New York, basi, usishangae kujikuta macho saa kumi na moja alfajiri. Kunywa chai na kula kipande cha mkate au tunda Kings Court, tembea nje upepo ukupige, kisha ushuke Britannia kwa mlo kamili. Anayerudi Southampton hukutwa na kinyume chake, kwa sababu siku zake zinafupishwa na kila asubuhi humjia kabla mwili haujawa tayari. Kwake Britannia itafungwa akiwa bado kitandani, na ni bora akubali mapema kwamba baadhi ya siku atakula mahali panapochelewa kufungwa.

Hali ya bahari nayo ina neno. Meli inapoyumba, mwendo huhisiwa zaidi omoni, yaani mbele, na tezini, na huzidi kadiri unavyopanda juu. Mtu anayelevywa na bahari akae chini na karibu na katikati ya meli, na hapo Britannia, ikiwa kwenye sitaha ya 2 na ya 3, ina nafuu kuliko kumbi za sitaha ya 7. Omba mkate mkavu, tufaha na chai ya tangawizi, na uyaache mafuta mpaka bahari itulie. Kulala na njaa chumbani mara nyingi huzidisha kichefuchefu.

Ukumbi wa Carinthia Lounge, ulioanzishwa katika matengenezo makubwa ya mwaka 2016, uko sitaha ya 7 na hutoa kifungua kinywa chepesi katika utulivu ambao bafe iliyo jirani yake haina. Unamfaa anayependa kusoma huku anakula.

Kifungua kinywa cha chumbani huagizwa kwa kadi unayoijaza na kuitundika kwenye kitasa cha mlango usiku. Hakina malipo ya ziada. Agiza vitu visivyoharibika vikipoa, kama mtindi, matunda, mikate na jibini. Mayai yatafika vuguvugu. Wenye vyumba vya roshani hutamani kula nje, lakini Atlantiki ya Kaskazini ni baridi hata miezi ya kiangazi, na upepo wa meli inayokwenda kasi hupeperusha kitambaa na kupoza kikombe kabla hujakimaliza. Jaribu siku moja yenye jua, ukiwa umevaa sweta.

Kwa msafiri Mwislamu, mezani ni salama kuliko bafe, kwa sababu pana mtu wa kuulizwa. Bekoni na soseji za kifungua kinywa cha Kiingereza kwa kawaida ni za nguruwe, na ile soseji nyeusi hutengenezwa kwa damu. Uliza pia kama mayai na viazi vimekaangwa kwenye chuma kilichokaangia bekoni, na uombe vyako vipikwe kwenye kikaango kingine. Anayehitaji nyama ya halali aiarifu kampuni wakati wa kukata tiketi au wiki kadhaa kabla ya safari, kwani meli ikishang'oa nanga jikoni hakuna tena pa kununua. Mwenye mzio wa karanga, maziwa au ngano afanye vivyo hivyo, kisha alirudie ombi lake kwa mhudumu siku ya kwanza.

Asubuhi ya kushuka ina taratibu zake. Meli hufika New York alfajiri, mizigo mikubwa imekwisha kuwekwa nje ya milango tangu usiku, vyumba vinatakiwa kuachwa mapema, na kwa kawaida huduma ya chumbani haipo. Watu wote huelekea sitaha ya 7 kwa wakati mmoja, wakiwa na mikoba yao. Siku hiyo, kama zamu yako ya kushuka si ya kwanza, shuka Britannia, ambako kila mtu huketishwa na hakuna anayetembea na sahani akitafuta kiti. Kama zamu yako ni ya kwanza, amka kabla ya wengine, chukua chai Kings Court na utoke nayo nje, kwa maana meli huipita Sanamu ya Uhuru kabla ya kufunga gati Brooklyn.