Somo: Kamera ya kupigia wanyama picha, anzia kwenye lenzi

Habari za jioni wanakikundi. Likizo ikikaribia hivi, simu yangu hujaa swali moja: "Ninunue kamera gani niende nayo Ziwa Nakuru?" Hapo mtu tayari ameanza na nyuma. Kamera ni ya pili. Uliza lenzi kwanza.

Mara yangu ya kwanza kuingia mbugani na kamera yangu mwenyewe, nilikuwa na lenzi ile iliyokuja nayo kwenye katoni, ya milimita 18-55, isiyovuta mbali. Vifaru weupe watatu walikuwa wakila nyasi kama mita themanini hivi. Kwa macho niliona hadi matope yaliyowakaukia ubavuni. Nyumbani nafungua picha: vijiwe vitatu vya kijivu kwenye majani. Mama akaniuliza hawa mbuzi ni wa nani.

Hatua ya 1: Jua unaenda wapi

Ziwa Nakuru ni mbuga ndogo, kilomita za mraba 188, na wanyama wake wamezoea magari. Kwa nyati, pundamilia na twiga, lenzi inayofika milimita 300 inakutosha. Ndege wa majini ndio wanaosumbua. Tangu maji yapande yakameza barabara za zamani za ukingoni, husogei karibu nao kama zamani, na heroe wenyewe mara nyingi wako Bogoria. Ukitaka ndege, fikiria 400 kwenda juu. Saiwa, ile mbuga ya kinamasi karibu na Kitale, ni vilevile: nzohe (swala wa majini, sitatunga) hujificha kwenye matete nawe uko juu ya mnara, unavizia.

Msitu wa Kakamega ni habari nyingine. Mle kuna giza hata saa sita mchana, na mbega wako juu ya miti. Lenzi ndefu yenye tundu dogo la mwanga itakupa picha nyeusi au zilizotetemeka.

Hatua ya 2: Soma namba za lenzi, si tangazo

Lenzi ikiandikwa 70-300mm f/4.5-5.6, hizo milimita ndizo uwezo wa kuvuta, na f ni ukubwa wa tundu la mwanga. Namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa.

Sasa ule mtego wa "zumu mara 83". Hiyo ni hesabu ya mwisho wa lenzi kugawanywa kwa mwanzo wake. Nikon P900, kamera ambayo lenzi yake haitoki, huanzia kwenye kipimo cha milimita 24 ikafika 2000, ndiyo hiyo 83. Lenzi ya 150-600 ni mara nne tu, na bado wapiga picha wa ndege huibeba na kilo zake mbili. P900 si mbaya, jua likiwa kali na mnyama ametulia inakupa picha nzuri. Lakini sensa yake, kile kipande kinachopokea mwanga, ni ndogo kama ya simu. Chui akitoka jioni chini ya migunga, utapata chengachenga.

Hatua ya 3: Bodi

Bodi ni kamera yenyewe bila lenzi. Ya kawaida ya miaka kumi iliyopita inafanya kazi. Zile zenye sensa ya APS-C, ndogo kuliko ile ya fremu kamili, zinakusaidia hata: 300 inaonekana kama 450 kwenye Nikon na Sony, kama 480 kwenye Canon. Pesa inayobaki, tia kwenye lenzi na betri ya pili.

Ukinunua mtumba, washa tochi ya simu uimulike lenzi kutoka nyuma, uchungulie mbele. Ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni fangasi, mrudishie mwenyewe. Vumbi kidogo lisikutishe.

Hatua ya 4: Tulia

Hapa ndipo watu hupotezea safari. Niliwahi kuazima 150-600, nikarudi na picha zaidi ya mia mbili na kila sharubu ya simba ilikuwa mbili. Lenzi haikuwa na kosa. Dereva hakuzima injini asubuhi nzima, nami nilikuwa nimeegemeza lenzi kwenye dirisha.

Mwombe dereva azime gari. Kasi ya shata, yaani sehemu ya sekunde ambayo kamera inapokea mwanga, isishuke chini ya 1/500 kwa lenzi ya 300, na ndege anayeruka mpe 1/2000. Aiso, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ipande, usiiogope. Stendi ya miguu mitatu iache nyumbani, ndani ya gari haina pa kusimama. Mimi kwa kulazia lenzi dirishani nina mguu wa suruali ya jinzi, fundi aliushona ncha zote mbili, ndani maharagwe kilo mbili. Usiujaze ukakaza, lenzi inatakiwa izame kidogo.

MASWALI

Swali, Kisumu: Mwalimu, simu yangu inavuta mara tano kwa lenzi. Siwezi kuitumia?
Jibu: Itumie ukiwa juu ya Baboon Cliff, mandhari yatatoka vizuri. Kwa kifaru aliye mbali, ukipita hiyo mara tano simu inakata tu kipande cha picha na kukikuza.

Swali, Kitale: Nimepata Nikkor AF 70-300 kwa bei rahisi. Nikiweka kwenye D3200 yangu, fokasi haisogei. Imekufa?
Jibu: Haijafa, dada. Lenzi za AF tupu hutegemea mota iliyo ndani ya bodi, na D3200 haina. Zungusha kwa mkono, au ibadilishe kwa AF-S, yenye mota yake ndani.

Swali, Kakamega: Nibebe lenzi mbili nibadilishe njiani?
Jibu: Kwa vumbi la kiangazi, la. Ukilazimika, funga madirisha, zima kamera, shika bodi ikitazama chini.

Swali, Nakuru: Si afadhali kukodi?
Jibu: Kama ni safari moja kwa mwaka, kodi. Ila ichukue siku moja kabla, ushinde nayo uani ukiwapiga kunguru wa kwenye nyaya. Ukimpata kunguru akiwa anaruka na jicho linaonekana, lala mapema, saa kumi na mbili asubuhi uwe langoni.